Sindano ya gym si uzazi wa mpango

Swali: Shikamoo daktari. Tuna watoto wanne, na sindano ya uzazi wa mpango inamtoa mke wangu damu isiyokata. Kijana wa gym hapa Mwanga, Kigoma, anauza testosteroni, homoni ya kiume, anasema ukichoma humpi mtu mimba. Ni kweli? Nichome ngapi?

Jibu: Marahaba. Usichome hata moja.

Kijana huyo kashika nusu ya habari. Testosteroni ya sindano ikijaa kwenye damu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huacha kutuma homoni za LH na FSH, zile zinazoziamrisha korodani kufanya kazi. Mbegu hupungua, pengine huisha kabisa. Ila si kwa kila mtu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 1990 uliwachoma wanaume miligramu 200 kila wiki, wakipimwa mbegu, na bado wapo ambao hazikuisha. Ndiyo maana baadaye watafiti walichanganya na projestojeni, homoni ya aina inayotumika kwenye uzazi wa mpango wa wanawake. Jaribio moja la mchanganyiko huo lilizuia mimba vizuri, lakini sindano zilisitishwa 2011 kwa sababu ya madhara, yakiwemo ya kubadilika hisia. Wewe utapimwa na nani, huyo wa gym?

Mama arudi kliniki, damu ichunguzwe, abadilishiwe njia. Kwa sasa tumieni kondomu. Kama mmeridhika na watoto wanne, ulizia vasektomi, yaani kufunga mirija ya mbegu ya mwanaume. Nayo inataka subira ya miezi mitatu hivi na kipimo cha kuthibitisha, maana kuna mbegu zinazobaki njiani.

Sasa niseme linalonikera. Kichupa hichohicho cha mafuta ya manjano, mara nyingi lebo imekwanguliwa tarehe, kinauzwa pia kwa mwanaume anayetafuta mtoto! Anaambiwa kitampa "nguvu na mbegu". Nguvu anaziona kweli: hamu ipo, misuli inatuna, shahawa zinatoka kama kawaida, kwa hiyo anaamini mambo ni mazuri. Majibu ya maabara yanakuja: hakuna mbegu iliyoonekana. Shahawa nyingi ni majimaji ya tezi nyingine. Hutoka hata korodani zikiwa zimelala. Muuzaji hajui hilo, au anajua na hajali. Mteja akirudi kulalamika, anaongezewa dozi.

Ukiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, ila huchukua miezi, na kwa aliyechoma muda mrefu huweza kupita mwaka. Hakuna mzizi wa sokoni wa kuharakisha.

Kwa hiyo wewe uliyekwisha kuchoma na unatafuta mtoto, usiongeze nyingine. Nenda hospitali na kichupa chenyewe mkononi, sema ulianza lini na ulichoma mara ngapi, hata kama unaona aibu. Na upime mbegu zako kabla hujaanza kumzungusha mkeo kwa waganga.