Barua kwa mwanangu: dakika zako ishirini, na Jumatatu yake

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo. Magoti ya mama yako yamepata nafuu tangu mvua zikatike, anakusalimu sana na anauliza kama unakula.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Baba, ni kweli shoo moja inaweza kumtoa mtu kama Woodstock ilivyomtoa Santana? Tumepewa dakika ishirini kwenye tamasha, malipo ni nauli ya watu wawili tu, na sisi tuko wanne. Tukope twende?" Nilitaka kukupigia simu, nikaona simu haitatosha. Swali hili nimelibeba tangu kabla hujazaliwa, na utajua kwa nini.

Kumtoa, ilimtoa. Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 1969, mchana, mpiga gitaa Carlos Santana na wenzake wa bendi ya Santana walipanda jukwaa la tamasha la muziki la Woodstock, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur, huko Bethel, jimbo la New York, mbele ya umati unaokadiriwa kupita watu 400,000. Alikuwa na miaka 22. Nje ya San Francisco walikuwa hawajulikani sana, na madukani hawakuwa na santuri hata moja. Walipiga kama dakika 45, wakashuka. Mwaka uliofuata albamu yao ya pili, Abraxas, ilikaa namba moja Marekani. Kwa hiyo anayekwambia kwamba jambo hilo halijapata kutokea anakudanganya.

Ila wewe umeniuliza kana kwamba jukwaa ndilo lililofanya kazi yote. Hapo ndipo nataka tuelewane.

Yule kijana babake, José, alikuwa mpiga fidla wa mariachi huko Meksiko, na ndiye aliyemfundisha muziki. Akiwa bado mdogo, Carlos alipiga gitaa kwenye vilabu vya usiku vya Tijuana, mahali ambapo hakuna aliyekuja kusikiliza gitaa. Familia ilipohamia San Francisco aliosha vyombo mgahawani. Jumapili moja ya mwaka 1966, kwenye ukumbi wa Fillmore, mwanamuziki mmoja aliyetarajiwa hakuwa katika hali ya kupiga. Meneja wa Carlos akamwomba mwenye ukumbi, Bill Graham, amruhusu kijana wake apande. Akapanda. Mwaka 1967 kifua kikuu kikamlaza hospitali kwa miezi, na kikosi cha kwanza kikasambaratika. Akatoka, akakusanya watu upya. Kufikia 1968 walikuwa wanaujaza Fillmore bila kuwa na santuri.

Mwanzoni mwa 1969 waliingia studio, wakarekodi, na kazi yote ikatupwa kwa sababu haikuwaridhisha. Hebu fikiria uchungu wake. Ndipo wakabadilisha kikosi: akaingia José "Chepito" Areas kutoka Nikaragua kwenye timbales, zile ngoma za bati za Kilatini, akaingia na Michael Shrieve kwenye dramu. Mwezi Mei wakarudi studio, safari hii ikatoka. Na yule Graham, aliyeona kwamba vijana wanajua kupiga lakini hawana wimbo wa kuchezwa redioni, akawapa wajifunze "Evil Ways", wimbo uliokuwa umeshapigwa na Willie Bobo. Wimbo huohuo ndio uliokuja kuingia kumi bora za Marekani mwaka 1970.

Sasa tazama kalenda, mwanangu, maana ndipo penye jibu lako. Albamu imerekodiwa Mei. Tamasha ni katikati ya Agosti. Albamu imeingia madukani mwishoni mwa Agosti. Hazikupita wiki mbili! Mtu aliyerudi nyumbani kutoka Bethel na tope kwenye viatu, masikio bado yanavuma zile tumba, aliingia dukani kwao akaikuta. Halafu Machi 1970 ikatoka filamu ya tamasha lile, na ndani yake wamo Santana wakipiga "Soul Sacrifice". Wale 400,000 walikuwa mwanzo tu. Waliomtoa Santana duniani ni mamilioni walioketi sinema miezi saba baadaye.

Unakumbuka tulivyoitazama ile video sebuleni, kwenye kompyuta yako, mwaka ule ulipoanza kushika gitaa? Wewe ulikodoa macho kwenye gitaa jekundu na uso wa Carlos unavyojikunja. Mimi nilikuwa namtazama yule mtoto wa dramu, Shrieve. Alikuwa ametimiza miaka 20 mwezi mmoja tu kabla. Ukiitazama tena leo, angalia anachofanya katikati ya solo yake. Amepewa nafasi mbele ya bahari ya watu, na badala ya kuzidisha makofi ya vijiti, anashusha. Anashusha mpaka dramu inanong'ona, vijiti vinagusa ngozi kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Umati unatulia, unamfuata. Kisha anaupandisha taratibu, tumba za Carabello zinamdaka, kinanda cha Rolie kinaingia, na hapo ndipo chemko, ile sehemu ya wimbo inayopandisha moto, linapolipuka. Nilipiga tumba miaka kumi na moja, na nakwambia: kushusha sauti mbele ya watu wengi kiasi kile kunahitaji moyo kuliko kuipandisha. Ujasiri ule hawakuupata Bethel. Walikwenda nao kutoka Fillmore.

Na siku ile Carlos mwenyewe hakuwa sawa. Amekwisha kusimulia mara nyingi kwamba waliambiwa zamu yao bado saa nyingi, akameza mescaline, dawa ya kulevya, aliyopewa na Jerry Garcia, mpiga gitaa wa Grateful Dead, akidhani itakuwa imemwisha, mara wakaitwa wapande papo hapo. Aliona shingo ya gitaa inajipinda kama nyoka. Alimwomba Mungu amwezeshe tu kubaki kwenye mapigo na kwenye sauti. Zile sura ulizozipenda, mwanangu, ni za mtu anayepambana asianguke. Nakwambia haya kwa sababu najua mambo ya nyuma ya jukwaa. Utaandaliwa vitu, utaambiwa vinaondoa woga. Carlos aliokolewa na vidole vyake na wenzake watano waliokuwa wanajua wanachokifanya. Wewe usijaribu hata mara moja. Nakuomba kama baba.

Utajiuliza bendi isiyo na santuri iliingiaje kwenye tamasha lenye majina makubwa kama mpiga gitaa Jimi Hendrix na bendi ya The Who. Waandaaji walihitaji msaada wa Graham, mzoefu wa kazi hizo, naye akaweka sharti: na hawa vijana wangu wapige. Malipo yao yanatajwa kuwa dola 750, wakati Hendrix alitajwa kulipwa 18,000. Kwa hiyo nauli ya watu wawili isikufedheheshe. Swali langu kwako ni jingine: nani anakusemea? Huyo aliyewatafutia hizo dakika ishirini, atakuwepo hapo siku ya pili yake akipokea simu, au kazi yake imekwisha?

Sasa nikwambie habari ambayo haisimuliwi sana. Jumamosi ileile, jukwaa lilelile, mapema kuliko Santana, ilipiga bendi moja kutoka Boston iitwayo Quill. Umati uleule, jua lilelile. Lakini picha zao zilipata hitilafu, zikashindikana kulinganishwa na sauti, basi kwenye filamu hawamo. Albamu yao ilitoka 1970 ikapita kimya. Yuko pia Bert Sommer, aliyeimba Ijumaa mpaka watu wakasimama kumshangilia, naye kwenye filamu hayumo, na jina lake leo unalisikia kwangu. Siwezi kukwambia hawa walikuwa wabovu. Waya mmoja, kamera moja, uamuzi mmoja wa mtu aliyekaa chumba cha uhariri, basi.

Najua utaniletea habari za mtoto wa Unguja, Freddie Mercury, na zile dakika kama ishirini za bendi yake Queen pale uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la hisani la Live Aid, Julai 1985. Ile siihesabu. Queen walikuwa na miaka kumi na mitano kazini, nyimbo zao uwanja mzima unazijua. Pale walifufuka, hawakutoka.

Santana nilimjua kabla ya kumwona. Baharia mmoja alileta santuri yao ya kwanza hapa Tanga, na kwenye nyumba moja ya Ngamiani tukaisikiliza mpaka sindano ikachoka. Kulikuwa na "Jingo". Sisi wapiga tumba tuliruka, tukasema hawa Wazungu wamejulia wapi haya? Baadaye sana ndipo nikajua kwamba ni wimbo wa Babatunde Olatunji, Mnigeria aliyekuwa akiishi Marekani. Ngoma ilikuwa imetoka huku, ikazunguka, ikarudi bandarini kwetu kwenye jalada la karatasi. Nilianza kujifua upya kwa sababu ya wimbo ule.

Na hapa ndipo nifike kwenye jambo ambalo sijakusimulia vizuri. Unajua tu kwamba baba alipiga bendi, ikafa. Ilikufa hivi.

Ilikuwa sikukuu, uwanja umefurika. Bendi kubwa kutoka Dar ilichelewa njiani, gari limeharibika, nasi tuliokuwa tumepangiwa nyimbo mbili za kupasha watu joto tukaambiwa tuendelee. Tulipiga saa nzima. Nilikuwa na tumba mbili, ngozi ya moja imelegea kwa unyevu, naikaza katikati ya wimbo kwa spana niliyoibana kwapani. Mpiga solo wetu alikata waya, akamalizia chemko kwa nyuzi tano, na watu hawakujua. Mwanangu, uwanja uliimba nasi wimbo ambao walikuwa wanausikia mara ya kwanza! Wakina mama walitutunza mpaka noti zikadondoka chini ya miguu yetu tukawa tunazikanyaga. Bendi kubwa ilipofika, watu walikuwa bado wanaita jina letu.

Jumatatu nikaenda sokoni. Muuza samaki akanisimamisha: "Ule wimbo wa kwenye chemko, redioni wanaupiga saa ngapi?" Haupigwi, nikamwambia. Hatujarekodi. "Jumamosi mnapiga wapi?" Sikuwa na jibu. Vyombo havikuwa vyetu; mwenye vyombo, aliposikia shangwe ya uwanjani, alitaka masharti mapya, tukabishana, akavifungia stoo. Tulipokuja kupata vyombo vya kuazima na siku ya kurekodi, ilikuwa imepita zaidi ya mwaka. Mpiga solo alikwisha hamia bendi nyingine, na yule muuza samaki alikuwa anaimba wimbo wa watu wengine. Nimekaa na ile Jumatatu miaka yote hii. Siku ya uwanjani huwa naikumbuka kwa furaha. Ile ya sokoni bado inanichoma.

Kwa hiyo nenda. Msikope, tutasaidiana. Lakini kabla ya kupanda, wimbo ule wa tatu mlionitumia, ule unaoanza na gitaa peke yake, uwe umerekodiwa vizuri na umeshawekwa mahali ambapo mtu akishika simu yake usiku uleule anaupata. Albamu haihitajiki, wimbo mmoja unatosha. Ongea na fundi mitambo mapema, kwa heshima, mpelekee hata soda, umwombe akupe sauti kutoka kwenye mashine yake, kisha tafuta mtu wenu mwenyewe wa kupiga picha za video. Usitegemee za waandaaji. Kumbuka Quill. Na mwisho wa dakika ishirini taja, kwa sauti inayosikika, ni wapi mnapiga wiki inayofuata. Kama hamna mahali, tafuteni hata baa ya jirani.

Nyimbo msipange tano. Nne, na nafasi ya kupumua. Na mahali pamoja mshushe, kama yule Shrieve. Wewe unajua ni wapi, maana kwenye rekodi ya mazoezi nilikusikia umetaka kushusha ukaogopa.

Nauli ya wawili waliobaki nimeitenga. Nilipata mnunuzi wa nazi kwa bei nzuri. Na ile tumba yangu moja iliyosalia nimeibadilisha ngozi juzi, ya mbuzi, fundi wa Pongwe ameivuta vizuri. Mwambie mpiga tumba wenu aje nayo aijaribu kabla ya tamasha. Jua la asubuhi inalipenda, la mchana linaikaza kupita kiasi, aifunike. Nitaipakia basi la Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Kaipokee stendi mwenyewe, usimtume mtu.

Wako,
Baba