Je, kusoma zaburi za kilio ni kukiri kushindwa? Jibu kwa mjane wa mvuvi, Malindi

SWALI: Mchungaji, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Malindi, na mume wangu alikuwa mvuvi. Kila alfajiri alipokwenda baharini nilimsomea Zaburi ya 91. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alitupa karatasi iliyoandikwa zaburi hiyo na kupakwa mafuta, tukaifunga kwa nailoni na kuiweka chini ya ubao wa tezi, nyuma ya mashua. Wakati wa upepo wa kusi mashua ilipinduka, na mwili wake ukaokotwa siku ya tatu. Kwenye matanga nilisoma Zaburi ya 88, kwa kuwa ndiyo pekee niliyoiweza. Kiongozi alinikemea mbele ya watu kwamba ninakiri kushindwa, na kwamba huenda mume wangu alipotea kwa sababu imani yangu ilikuwa na ufa. Ameniagiza nisome zaburi za ushindi peke yake, tena niombe Zaburi ya 109, ile ya laana, siku saba nikimtaja mama mkwe wangu, ambaye watu wanasema ndiye aliyemfunga mwanawe kwa uchawi. Tangu hapo nikifungua Zaburi ninaogopa. Nifanyeje ili kitabu hiki kinitie moyo tena?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nilikusudia kukujibu faraghani, lakini karatasi kama hiyo yako nimeiona katika vyombo vingine na juu ya vizingiti vya milango ya Wakristo wengi, kwa hiyo ninajibu hadharani bila kukutaja.

Neno la kwanza halingoji mengine: mume wako hakufa kwa sababu ya ufa katika imani yako. Soma Matendo ya Mitume sura ya 12. Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga; kisha akamkamata Petro, na Petro akatolewa gerezani na malaika usiku. Kanisa lilikuwa lile lile, mji ule ule, Bwana yule yule, na mitume wote wawili walikuwa wapendwa wake. Luka hasemi popote kwamba waliomwombea Yakobo walikuwa na imani pungufu kuliko waliomwombea Petro, wala hasemi kwamba mama yake Yakobo aliitwa mbele ya watu akaulizwa alikuwa anasoma nini. Tena wale waliomwombea Petro hawakuwa mashujaa wa imani, maana alipobisha hodi walimwambia kijakazi aliyeleta habari kwamba ana wazimu. Anayekuambia kwamba anajua kwa nini huyu alirudi pwani na yule hakurudi anadai kujua jambo ambalo Maandiko yenyewe yameliacha bila kulieleza.

Sasa juu ya Zaburi ya 91. Mtu mmoja tu katika Agano Jipya anaonekana akiitumia zaburi hii kama dhamana ya kwamba mwili hautadhurika, naye ni Ibilisi. Alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini, kwa maana imeandikwa, "Atakuagizia malaika zake". Maneno aliyoyanukuu ni maneno ya kweli ya Mungu. Kosa lilikuwa katika kuyageuza kuwa chombo cha kumlazimisha Mungu atende, na Bwana wetu alilijibu kwa andiko la Kumbukumbu la Torati linalokataza kumjaribu Bwana. Mimi nimetafakari mara nyingi mahali Ibilisi alipokomea. Hakufika kwenye mstari wa kumkanyaga nyoka, jambo ambalo halinishangazi, na hakufika kwenye mstari wa 15, ambapo Mungu anasema, "Nitakuwa pamoja naye taabuni". Zaburi yenyewe, basi, inamtazamia mwenye haki akiwa ndani ya taabu na kumwahidi kwamba hatakuwa humo peke yake. Mwenye kuifanya ahadi ya kutoiona taabu kabisa ameisoma nusu, kama yule aliyeinukuu kinarani.

Karatasi ya chini ya tezi nitaisema kwa jina lake: ni hirizi. Sisi wa pwani tunaijua hirizi hata ikibadilishwa kitambaa. Majirani zetu Waislamu wana kombe, maandishi yanayooshwa kwa maji yakanywewa, na wanavyuoni wao wenyewe hawakubaliani juu yake. Hilo ni lao na sitaliingilia. Lakini Mkristo anayemcheka jirani yake kwa kombe, kisha akaenda kutumbukiza Zaburi katika maji na kuyanyunyiza mlangoni, amebadilisha wino tu. Ninasema haya bila kujitoa, kwa maana mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa niliiweka Biblia wazi kwenye ukurasa wa Zaburi ya 91 chini ya mto wake, na ilinichukua miaka kutambua kwamba usiku ule sikuomba hata neno moja. Niliiachia karatasi iniombee. Wewe ulikuwa unaisoma zaburi ile kwa sauti kila alfajiri ukimwombea mumeo, na kusoma kule kulikuwa maombi ya kweli, yaliyosikiwa. Usiyatupe pamoja na nailoni.

Hoja kubwa ya kiongozi wako, hata hivyo, ni ile ya kukiri: kwamba kinywa huumba, kwamba anayesoma maneno ya giza anajiitia giza. Wanaofundisha hivyo huutegemea mstari wa Mithali 18:21, "Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi". Lakini mistari inayouzunguka inazungumza juu ya kesi, ugomvi wa ndugu na maneno ya mpumbavu yanayomletea vita, yaani jinsi ulimi unavyoweza kumponya au kumwangamiza jirani. Hakuna humo neno linalomkataza mtu aliyeumia kumweleza Mungu kwamba ameumia. Na kama fundisho hilo lingekuwa kweli, tungelazimika kurarua karibu theluthi moja ya Zaburi zote 150, maana takriban kiasi hicho ni zaburi za maombolezo. Tungemkemea Daudi kwa kulilowesha godoro lake kwa machozi katika Zaburi ya 6, na kwa kuuliza katika ile ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Mwishowe tungefika Golgotha tumwambie Mwana wa Mungu kwamba anakiri kushindwa, kwa kuwa alipotundikwa alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Waliokuwa chini ya msalaba walikuwa na teolojia ya kiongozi wako. Walisema, "Amemtegemea Mungu, na amwokoe sasa", wakahesabu kwamba mtu asiyeokolewa papo hapo hana imani, au hana Mungu. Waraka kwa Waebrania unatuambia kwamba Yesu aliomba kwa kulia sana na machozi, na kwamba alisikilizwa. Lakini aliyesikilizwa huyo alikufa, akazikwa, na jibu lake likaja siku ya tatu.

Nakuomba uirudie Zaburi ya 88 bila woga, na uzingatie mambo ambayo pengine machozi yalikuficha. Maneno yake ya kwanza ni "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu". Yule mtu haoni wokovu wowote. Rafiki zake wamemwacha, mawimbi yamempita, anajiona kama aliyekwisha kuhesabiwa pamoja na washukao shimoni, na bado hana anwani nyingine ya kupeleka kilio chake. Analalamika kwa Mungu juu ya Mungu. Mara tatu katika zaburi ile anasema kwamba analia, na mara zote tatu anamlilia yule yule. Kisha zaburi inaisha bila kugeuka. Zaburi nyingi za kilio huwa na mahali zinapopinda kuelekea sifa, hata ile ya 13 inamalizika kwa kuimba; hii haipindi, na katika Biblia yetu ya Kiswahili neno lake la mwisho ni "gizani". Wahariri wa kitabu kile wangeweza kuongeza mstari mmoja wa faraja. Hawakuongeza. Badala yake waliiandikia juu kwamba ni ya mwimbishaji, ya wana wa Kora, utungo wa Hemani Mwezrahi, maana yake ni kwamba ilikuwa wimbo wa kwaya, uliotiwa vinywani mwa watu wote, pamoja na wale waliokuwa na furaha siku hiyo. Kwa hiyo pale kwenye matanga haikupasa uisome peke yako. Kanisa zima lilipaswa kuisoma pamoja nawe, na walionyamaza wakati unakemewa wana la kutubu. Nami nimo miongoni mwao kwa namna yangu, kwa kuwa nilipokuwa kijana katika utumishi niliwahi kusimama kwenye mazishi nikawaambia watu wasilie, nikidhani ninahubiri ufufuo, ilhali Bwana wetu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, muda mfupi kabla ya kumfufua.

Labda utaniuliza juu ya Zaburi ya 107, maana huku kwetu hakuna mke wa mvuvi asiyeijua: "Washukao baharini katika merikebu", wanaopanda mbinguni na kuteremka vilindini, wanaopepesuka kama mlevi, hadi Mungu anapoituliza dhoruba na kuwafikisha "mpaka bandari waliyoitamani". Zaburi hiyo ni shukrani ya waliorudi. Mwanzoni kabisa inasema waliokombolewa na waseme. Waliorudi wana haki ya kusema, na ni dhambi wakinyamaza. Lakini shukrani ya aliyefika bandarini haiwi hukumu juu ya asiyefika. Wewe kwa sasa mahali pako ni Zaburi ya 42, ambamo mtu anasema kwamba gharika na mawimbi yote ya Mungu yamepita juu yake, na katikati ya mawimbi hayo anaanza kuzungumza na nafsi yake mwenyewe: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu". Anaiambia hivyo, inainama tena, anaiambia mara ya pili, na Zaburi ya 43 inaiambia mara ya tatu. Hivyo ndivyo kutiwa moyo kunavyokwenda kwa walio wengi wetu. Ni kazi ya kila siku kama ya kukumba maji chomboni.

Kwa hiyo soma zaburi moja asubuhi na moja usiku, kwa sauti, ukifuata mpangilio wa kitabu bila kuchagua za ushindi wala za kilio. Ukikutana na zaburi ya furaha ambayo moyo wako hauiwezi, isome kwa niaba ya mwingine mwenye furaha leo, kama wengine watakavyoisoma ile ya 88 kwa niaba yako. Watoto wasikie. Wao nao wamefiwa, na mtoto anayesikia mama yake akimwambia Mungu "hata lini" hujifunza kwamba huzuni haimfukuzi mtu mbele za Mungu.

Limebaki la Zaburi ya 109, na hapa sitapunguza makali. Usiiombe hata siku moja ukimtaja mama mkwe wako. Zaburi ile ni ya mtu aliyesingiziwa, anayekabidhi kesi yake kwa Hakimu ili asiishike mwenyewe mkononi, na Paulo anatufunga kwa neno hilo hilo: "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Kuifanya iwe dua ya siku saba dhidi ya mwanamke mzee ambaye ushahidi wote juu yake ni maneno ya watu ni kumsingizia kwa kutumia zaburi ya aliyesingiziwa. Tena tunaishi Kilifi. Unajua kama ninavyojua kwamba katika kaunti hii wazee wameuawa kwa panga kwa sababu ya mvi, macho mekundu na shamba lenye warithi wenye haraka. Jina likitajwa kwenye maombi usiku, kesho yake linatajwa kisimani, na kesho kutwa vijana wanabisha mlango. Sisi wa upande huu, ambao mwaka 2023 tuliona miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri aliyewafundisha kufunga hadi kufa ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, hatuna tena udhuru wa kusema kwamba mafundisho ya mtumishi hayapimwi. Yapime ya kiongozi wako, na yangu pia. Kama hataondoa agizo hilo, ondoka katika kikundi hicho. Hutakuwa umemwacha Mungu. Na ukisikia watu wakipanga lolote juu ya mama huyo, mwambie chifu na mzee wa kanisa siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili.

Mwanangu, yule mama naye amezika mwanawe. Nyumba zenu mbili zinaomboleza mtu mmoja, na maneno ya watu yamezitenga. Mwendee. Mchukue mtoto wako mdogo, beba unga au samaki kama unavyoweza, keti naye jikoni. Sijui kama anasoma, wala kama anaamini. Hata kama si Mkristo, Zaburi ya Daudi huku kwetu si kitabu kigeni kwa mtu yeyote. Msomee ile ile ya 88 uliyokemewa kwayo, hadi neno la mwisho, kisha nyamaza umwachie yeye nafasi ya kulia. Ukirudi, niandikie unijulishe mlivyoketi.