Umeitwa Dawati la Jinsia na wazee wanataka mkayamalize kwa shemeji: niliyoyaona nikiwa mdhamini wa mdogo wangu

Mkuu, pole. Nimesoma uzi wako na majibu yote. Kwa wanaoingia sasa: mke wa jamaa ameondoka, yuko kwa dada yake. Jamaa amemtumia meseji za usiku, mojawapo inasema "utanijua mimi ni nani". Kisha akamfuata kazini kwake mara kadhaa. Sasa amepigiwa simu aripoti Jumatatu Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, na ukoo unapanga msafara wa kwenda kwa shemeji wikiendi hii.

Wakuu waliotangulia wanakwambia nenda, kesi za ndoa hazina kichwa wala miguu, akishalegea atafuta. Mimi nilimdhamini mdogo wangu wa tumbo moja kwenye kesi ya namna hii hapa Morogoro, na nilikaa kwenye yale mabenchi ya mahakama ya wilaya hadi siku ya hukumu. Msafara kama huo ndio uliomtia kwenye shida kubwa kuliko kosa lenyewe.

Kwanza elewa unachoweza kushtakiwa nacho. Tanzania hatuna sheria moja ya ukatili wa majumbani, kwa hiyo usitegemee kusikia hayo maneno kwenye hati ya mashtaka. Utasikia shambulio la kawaida, kifungu cha 240 cha Kanuni ya Adhabu. Au shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, ambacho kinafika miaka 5 jela. Au kutishia kwa maneno, kifungu cha 89, hapo ndipo "utanijua" inapoweza kuingia kutegemea na maneno yaliyofuata. Na kwa kuwa umetumia simu, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, kuhusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Hicho adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo mtu anayekwambia "meseji tu hazina kitu" hajui anachosema.

Na yule aliyeandika kwamba mume ana haki ya kumrudi mke wake kwa kipigo, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishakataa jambo hilo, kifungu cha 66. Miaka zaidi ya 50 sasa, na bado kuna watu wanaisimamia hoja hiyo mbele ya askari kama utetezi. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Aliieleza kwa kujiamini kabisa, na askari akaiandika neno kwa neno.

Hapo Jumatatu usipuuze. Ukisikia unatakiwa kuandika maelezo ya onyo, maana yake umeshakuwa mtuhumiwa, chochote utakachosema kinaweza kusomwa mahakamani. Una haki ya kunyamaza, una haki ya kuwa na wakili au ndugu. Ukiamua kueleza, eleza ukweli, kisha soma karatasi yote kabla ya kusaini. Usisaini kwa sababu umechoka au kwa sababu umeambiwa "saini tu uende nyumbani". Dawati siyo mahali pa kelele, pale kwetu kilikuwa chumba cha pembeni na askari amevaa kiraia, anakukaribisha kiti. Wengi hudanganyika na ule upole wakadhani wamekuja kwenye usuluhishi.

Wakikuweka ndani, kisheria wakupeleke mahakamani ndani ya saa 24 au wakupe dhamana. Makosa haya yanadhaminika. Dhamana ni bure, na ukiombwa kitu uliza risiti utaona mtu anavyogeuka. Anayekuja kukudhamini aje na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, mahakamani ndiyo kabisa hawakusikilizi bila hiyo barua. Mdhamini ajue anasaini bondi: ukikimbia wewe, hela anadaiwa yeye. Mimi niliacha kazi kila kesi ilipotajwa, na zipo siku ilitajwa kwa dakika mbili, "upelelezi haujakamilika", tukarudi.

Sasa huu msafara.

Kesi ikishafunguliwa, siyo ya mke wako tena. Hati inasomeka Jamhuri dhidi yako. Yeye ni shahidi. Hawezi kuamka asubuhi akaifuta. Anaweza kusema hataki kuendelea, lakini uamuzi wa kuiondoa uko kwa upande wa mashtaka. Kuna imani kwamba mke halazimishwi kumtolea ushahidi mumewe. Kweli, Sheria ya Ushahidi ina kinga hiyo, lakini kosa likiwa limetendwa juu ya mwili wake au mali yake mwenyewe, kinga haipo. Anaitwa, anapanda kizimbani kama shahidi mwingine yeyote.

Kwa hiyo unapotuma shangazi, mjomba na mchungaji wakamkalishe chini mwanamke, askari anaona watu wanamshawishi shahidi. Kwetu walikwenda wanne. Shangazi yetu, kwa nia njema kabisa, akamwambia shemeji, yaani mke wa mdogo wangu: "ukimfunga baba wa watoto wako utakula wapi?" Shemeji alikuwa anarekodi. Kesho yake mdogo wangu aliitwa tena Dawati, na kesi ilipofika mahakamani mwendesha mashtaka alipinga dhamana kwa hoja ya kuingilia mashahidi. Hakimu alitoa dhamana, lakini kwa masharti: asimpigie, asimtumie meseji, asifike anapoishi wala anapofanya kazi, yeye wala mtu kwa niaba yake. Maneno ya mwisho hayo yalikuwa zawadi ya shangazi.

Usuluhishi upo, msinielewe vibaya. Kwenye shambulio dogo sheria inamruhusu hakimu kuhimiza pande mbili zipatane, hata kwa fidia. Lakini hiyo inafanyika mbele yake, mlalamikaji akiwa ameridhia kwa hiari, na siyo sebuleni kwa dada yake akiwa amezungukwa na ukoo wako. Na baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la Bakwata au la kanisa, linashughulika na ndoa. Mkiachana mtapita huko. Halifuti jinai.

Watoto je? Hili ndilo linalowaponza wengi, maana ni sababu halali ya kupiga simu, na simu moja inazaa kumi. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, eleza unataka kuwaona watoto na unataka kutoa matunzo, wapange wao. Hela tuma kwa simu, ujumbe wa muamala unabaki kama ushahidi kwamba hukuwatelekeza. Ukishatuma, basi. Mdogo wangu alikuwa anatuma elfu thelathini halafu anapiga simu kuuliza kama imefika, asipopokelewa anapiga tena, na tena. Upande wa mashtaka walitoa orodha ya zile simu. Kwake alikuwa anahudumia familia, lakini ukiangalia ile karatasi, simu zimepangana usiku kucha, hata mimi kaka yake nilikosa la kusema.

Usifute meseji. Yeye anazo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo. Ukifuta zako unabaki huna hata muktadha wa kujitetea nao. Na achana na ule ushauri wa kwenda kuchukua PF3 yako, ile fomu ya polisi ya matibabu, uonyeshe na wewe ulipigwa. Kama kweli uliumizwa, nenda, Dawati linapokea wanaume pia. Kama unataka kuitumia kama silaha, daktari anajaza anachokiona, na kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa lingine.

Kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 haikuandikwa kwa wanawake peke yao. Ulizia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani kwako, mahakamani penyewe huwa wanawafahamu.

Mdogo wangu alikiri shambulio la kawaida. Aliamriwa kumlipa mlalamikaji fidia na akaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12. Ndoa haikurudi. Nilizungumza na shemeji baadaye sana, kesi ikiwa imeisha na yeye mwenyewe ndiye aliyenitafuta kuhusu ada ya mtoto. Akaniambia hakuwa na mpango wa kwenda polisi kwa kile kipigo, alikuwa ameshakisamehe. Alikwenda siku alipotoka kazini akamkuta mdogo wangu amesimama ng'ambo ya barabara anamsubiri, bila kusema kitu.

Wewe mwenyewe umeandika kwamba unamfuata kazini "kumwona tu". Kabla ya Jumatatu acha hilo, na wapigie wazee leo uwaambie wasiende. Ukishajua umeandikiwa kosa gani, rudi hapa na namba ya kifungu, tutaongea kwa uhakika zaidi.