Nimegeuza rangi, mbona mama ametoka bluu?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia kopo la biskuti lililojaa negativu, vile vipande vya filamu ya kamera za zamani, nyingine za nyeusi na nyeupe, nyingine zina rangi ya chungwa. Nilizishika dirishani nikazipiga picha kwa simu, kisha nikaingia kwenye mipangilio ya simu nikawasha kugeuza rangi. Nikamwona mama siku ya harusi yake, machozi yakanitoka. Nikamtumia dada aliyeko Arusha, lakini yeye alipokea mizuka ileile, nyuso zilizopauka na meno meusi. Kijana wa stesheneri akanigeuzia kwa kompyuta. Za nyeusi na nyeupe zimekubali, ila za rangi zote zimekuwa bluu, kama watu wako chini ya maji. Je, zimeharibika?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Negativu zako ni nzima. Nakuomba jambo moja kabla ya yote: asikushawishi mtu kuzitupa eti kwa kuwa sasa ziko kwenye simu. Nimesafisha picha miaka mingi katika chumba cha giza pale Ngamiani, Tanga, na nimepokea wateja wengi wenye picha ya karatasi iliyopauka, negativu wameshaichoma na takataka. Hapo fundi hana la kukusaidia.

Tuanze na dada yako. Ule mpangilio wa simu unageuza kioo peke yake, kwa ajili ya watu ambao macho yao yanaumizwa na mwanga mweupe. Faili la picha halikuguswa, ndiyo maana lilifika Arusha vilevile.

Kwenye kompyuta hugeuzwa picha yenyewe. Kila nukta ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kuanzia 0 hadi 255. Kompyuta inachukua 255 na kutoa namba iliyopo. Nyeusi ya 0 inakuwa nyeupe ya 255, kijivu cha 100 kinakuwa 155. Ukigeuza tena unarudi ulikotoka bila kupoteza chochote, kwa hiyo kijana wa stesheneri hajakuharibia kitu. Kwa nyeusi na nyeupe kazi inaishia hapo.

Za rangi zina jambo lake. Lile chungwa unaloliona si uchakavu. Waliotengeneza filamu waliliweka makusudi, kwa sababu dawa za rangi zilizomo si safi kabisa, na chungwa hilo hurekebisha kasoro zake wakati wa kusafisha picha kwenye karatasi. Sisi tulilimaliza kwa filta za njano na majenta kwenye mashine, tukijaribu kipande baada ya kipande hadi ngozi ya mtu ifanane na ngozi ya mtu. Kompyuta haijui habari hizo. Tuseme ukingo wa filamu yako una nyekundu 220, kijani 140, bluu 90. Geuza: 35, 115, 165. Hilo ndilo bluu lililommeza mama.

Basi liondoe chungwa kwanza, ndipo ugeuze. Piga picha upya, na safari hii uache ukingo mtupu wa filamu uonekane. Dirisha liache, mwanga wake haulingani. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, inua negativu sentimita chache juu ya kioo ili vinukta vyake visionekane, zima taa ya chumbani. Kisha ingia GIMP, programu ya bure. Chota rangi ya ule ukingo, tengeneza leya (tabaka) mpya juu ya picha, ijaze rangi hiyo, na modi yake iwe "Divide". Ukingo utakuwa mweupe. Unganisha leya, nenda "Colors", bonyeza "Invert". Picha itatoka imefifia, usikate tamaa. Fungua "Levels" ubonyeze "Auto Input Levels", halafu sogeza chaneli moja moja, yaani nyekundu, kijani na bluu, kwa mkono, kidogo kidogo. Usiamini kitufe peke yake, angalia kitu unachokijua. Kama mama alivaa shela nyeupe, hiyo ndiyo kipimo chako. Ikiwa na ubluu, punguza bluu hadi iwe nyeupe, na uso wake utafuata wenyewe.

Hifadhi kazi yako kwa jina jingine, ile picha ya chungwa ibaki kama ilivyo. Mwakani jicho lako litakuwa limezoea zaidi na utataka kuirudia.

Halafu kuna la upande, ambalo wengi hawaligundui. Filamu ina uso unaong'aa na uso uliofifia. Unaong'aa ndio uielekee simu. Ukikosea, kulia kunakuwa kushoto, na sura za watu hazitakuambia. Kama kuna kina shangazi waliosimama nyuma ya bibi harusi wamejifunga kanga, kuza picha usome jina la kanga. Maneno yakisomeka kinyume, igeuze kulia kuwe kushoto kabla hujamtumia dada.