Mwache Mtoto Aangushe Mwanasesere, Lakini Kaa Naye

Kwa miaka sita nilikuwa taniboi wa lori kati ya Malaba na Nakuru, nchini Kenya. Anayeijua barabara hiyo anaujua mteremko unaotoka Mau Summit, ukapita Sachangwan na kushuka hadi Salgaa. Nimeshuka pale na madereva walioweka nyutro ili kubana dizeli, na nimeona malori yaliyokataa kusimama. Basi siku nilipomkuta mpwa wangu wa miaka kumi na miwili akicheka mpaka machozi huku kwenye mchezo wa simu mtu anapenya kioo cha gari na kubamizwa ukutani, nilimnyang'anya simu ile.

Dada yangu akaniambia, "Kabla hujamkataza, cheza wewe kwanza." Nikaanza saa mbili usiku. Niliposhtuka, saa nne imeshapita.

Mchezo wenyewe ni Turbo Dismount, uliotoka 2014. Chimbuko lake ni kimchezo cha 2002 cha Jetro Lauha wa Ufini, ambamo unamsukuma mtu ngazini na kupata pointi kwa kadiri alivyogongwagongwa. Katika michezo mingi ya zamani mhusika alianguka vilevile kila mara, kwa kuwa anguko lake lilishachorwa. Huyu hajachorewa anguko. Ni kama mwanasesere wa matambara: kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu vimeshikanishwa kwa viungo, na kila kiungo kina mpaka wake, goti likikunjika upande mmoja tu. Programu inakokotoa papo hapo uzito, msuguano na kila mgongano. Sogeza gari kidogo, anguko zima linageuka. Ndiyo maana huachi. Kila mara unataka kuona safari hii ataangukaje. Na kwa kuwa hapigi kelele, havuji damu, na ukibonyeza tu anarudi mzima, moyo unapata ruhusa ya kucheka.

Kwa hiyo nilimrudishia mtoto simu yake. Ila nilikaa naye, na hilo ndilo ninalowaomba wazazi wenzangu.

Kuna jambo moja nililikataa kabisa. Mchezo huu unakuruhusu kumbandika mwanasesere picha ya uso wa mtu, naye mpwa wangu alikuwa amembandika baba yake. Baba yake ni mwendesha boda boda; kila asubuhi yuko barabarani. Sikumgombeza. Nilimuuliza, "Baba akichelewa kurudi usiku, wewe huwa unawaza nini?" Akanyamaza, kisha akaifuta picha mwenyewe. Vilevile, kukiwa na msiba wa ajali katika familia au kwa jirani, mchezo huu upumzike. Mtoto aliyefiwa asikute watu wakicheka mwili unaorushwa.

Lingine ni matangazo. Michezo mingi ya bure ya namna hii huleta tangazo kila baada ya raundi chache, na mengine humpeleka mtoto asikotakiwa kwenda. Zima data kabla hajaanza. Mingi inachezeka bila intaneti. Tena usichanganye michezo hii na ile ya kamari ambayo ndege inapaa huku kiasi unachoweza kushinda kikipanda, kisha inapotea na pesa zako. Ile nayo watu huiita michezo ya ajali. Ile mtoto asiiguse.

Lakini sehemu niliyoipenda ni marudio ya polepole, pale mchezo unapokuonyesha tena anguko taratibu. Tulikubaliana kubadilisha kitu kimoja tu kila raundi, mwendo au gari au kizuizi, na kila mmoja akisie kitakachotokea kabla ya kubonyeza. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano huongezeka mara nne. Nilimwambia kuwa kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Kwa kilomita 100, karibu mita 40. Alitoka nje akasimama, akawa anatazama juu ya nguzo ya stima. Nilimwonya pia asidhani mchezo ni kipimo cha barabara. Mwanasesere hufufuka. Wale niliowaona Salgaa hawakuinuka.

Sasa tunacheza Jumamosi jioni, nusu saa, dada yangu akiwa jikoni anatusikiliza. Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, na lori lililojaa mahindi likigonga kwa mwendo huohuo, hiyo ni mita ngapi?" Nikamwambia ni zilezile; uzito hauubadilishi urefu huo, mwendo ndio unaoupanga. Hakukubali. Akaleta daftari na kalamu, tukaketi mezani tukaanza hesabu.