Maswali na Majibu: Miguu mizito na mashindano kila kukicha, niache lipi?

SWALI

Kocha, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, naishi Kisauni. Najiandaa kwa marathoni yangu ya kwanza, ile ya Nairobi mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo nimebakiza wiki 9. Nakimbia kama kilomita 60 kwa wiki. Jumanne nafanya spidi, Alhamisi tempo (mwendo mkali wa kudumu bila kusimama), na tangu Juni naingia mashindano madogo karibu kila baada ya wiki mbili. Ili nisipoteze mbio ndefu, Jumamosi nakimbia 18 au 20, kisha Jumapili nashindana. Mwezi Juni nilimaliza kilomita 10 kwa dakika 50. Wiki iliyopita, njia ileile, nimepata 54, na miguu ilikuwa mizito tangu kilomita ya kwanza. Wenzangu wa kikundi wanasema marathoni ndiyo hiyo, nizoee uchovu. Mbele yangu kuna kilomita 10 baada ya wiki 2, nusu marathoni wiki 4 kabla ya Nairobi, na kilomita 10 nyingine wiki 2 kabla. Niyaache yote? Au nipumzike kabla ya kila moja? Na nikipumzika kila mara, mazoezi nitayafanya lini? Wiki moja kati ya tatu niko zamu ya usiku.

JIBU

Dada yangu, hongera kwa ulikofika, na ahsante kwa kuandika kwa namba. Ni rahisi kumsaidia mtu anayejua amekimbia nini na lini.

Usiyaache yote, na usipumzikie yote. Pumzikia moja tu, nusu marathoni. Kilomita 10 ya kwanza ikimbie na uchovu wako, kama zoezi, kwa mwendo utakaouamua nyumbani kabla hujafunga kamba za viatu. Ile ya mwisho iache.

Wenzako wamesema kweli, lakini nusu. Mwili unaojiandaa kwa marathoni hubeba mambo mawili kwa wakati mmoja: nguvu inayojengeka, na uchovu unaoifunika nguvu hiyo isionekane. Eric Banister na wenzake nchini Kanada waliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1975, na makocha bado tunaitumia. Uchovu huja upesi na hupwa upesi, kwa siku. Nguvu huja polepole na huondoka polepole, kwa wiki. Ndiyo maana mtu akipunguza mazoezi kwa siku kumi hivi huwa mwepesi ghafla: hakupata nguvu mpya, ile ya zamani ndiyo imefunuliwa. Kwa hiyo katikati ya maandalizi ni kawaida kuwa na uchovu kiasi. Lakini muda ulioupata ukiwa na uchovu haupimi uwezo wako. Usiusome kama matokeo ya mtihani.

Tazama namba zako. Kuna kanuni ya Pete Riegel, Mmarekani, ambayo hukadiria muda wa umbali mmoja kutokana na mwingine. Dakika 50 za Juni zinakupa marathoni ya kama saa 3 na dakika 50. Dakika 54 za juzi zinakupa saa 4 na dakika 8. Mtu yuleyule, miezi miwili ya kazi ngumu, na kwenye karatasi amerudi nyuma dakika 18! Haiwezekani kuwa umepoteza nguvu kiasi hicho huku unakimbia kilomita 60 kila wiki. Na ona hili: mwendo wako wa juzi ulikuwa dakika 5 na sekunde 24 kwa kilomita, wakati ule wa marathoni ya 3:50 ni 5:27. Ulijikamua ukashindana, ukapata mwendo ambao Juni ungeuita wa starehe.

Ingekuwa Machi ningelaumu jua kwanza. Mbio za Nyika za Dunia zilipofanyika hapa Mombasa Machi 2007, joto na unyevu viliwaangusha wanariadha wakubwa. Hata Kenenisa Bekele, bingwa aliyekuwa hashikiki katika mbio hizo, alitoka njiani kabla ya kumaliza. Lakini Juni na Agosti kwetu zote ni kusi, miezi ya ubaridi. Joto halielezi dakika nne.

Kinachozieleza ni Jumamosi yako.

Hesabu siku ngumu za wiki ya mashindano: Jumanne spidi, Alhamisi tempo, Jumamosi kilomita 20, Jumapili shindano. Siku nne kati ya sita. Kisha Jumanne unaanza tena. Jack Daniels, kocha wa Marekani, aliweka kipimo ninachokipenda kwa urahisi wake: baada ya shindano, siku moja nyepesi kwa kila kilomita 3 ulizoshindana. Kilomita 10 zinadai siku tatu, yaani hadi Jumatano. Nusu marathoni inadai wiki nzima. Wewe Jumanne asubuhi uko kwenye spidi, siku ya pili, wakati misuli iliyochanika kidogo kwa kushindana ndiyo kwanza inauma. Halafu unaongeza zamu ya usiku. Sidhani kama tangu Juni umewahi kupona shindano hata moja kikamilifu.

Nakuomba ulishike hili kuliko mengine yote: shindano ni zoezi gumu. Linakaa mahali pa zoezi gumu, haliongezwi juu yake. Na wiki ya mkimbiaji mwenye kazi ya kusimama kutwa haina nafasi ya zaidi ya mazoezi magumu mawili pamoja na mbio ndefu moja.

Sasa utajuaje uchovu wako ni ule wa kawaida au umepitiliza? Nikiwa na kikundi pale bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya jua, sioni nyuso vizuri, kwa hiyo nasikiliza miguu. Mwenye uchovu wa kawaida huanza mzito, soli zinapiga lami pa, pa, pa. Baada ya dakika kumi na tano hivi ule mlio hupungua, mabega yanashuka, anaanza hata kuongea. Aliyepitiliza hafunguki. Mlio ni uleule, na kwenye mwinuko wa Daraja la Nyali unazidi, kiatu kimoja kinaanza kuburura. Huyo namwambia arudi nyumbani, na mara nyingi hukasirika. Jipe kipimo hicho mwenyewe: kama dakika 15 za mwendo wa polepole hazijakufungua, zoezi gumu la siku hiyo limefutwa. Usilihamishie kesho.

Cha pili ni mapigo ya moyo ukiwa bado kitandani, kabla ya chai na kabla ya simu. Wewe ni muuguzi, sikufundishi kushika mshipa. Yaandike kila siku. Yakipanda kwa mapigo 7 hadi 10 juu ya kawaida yako asubuhi tatu mfululizo, na huna zamu ya usiku ya kuyaeleza, punguza. Na kama usingizi umekuwa wa kukatikakatika, chakula hakipiti na kila mtu nyumbani anakuudhi, usingoje hata hizo asubuhi tatu.

Tuje kwenye mipango. Wiki hii na ijayo ondoa tempo ya Alhamisi, na kilomita zishuke hadi 45 hivi. Kisha ile kilomita 10 ya kwanza igeuze iwe mbio ndefu. Jumamosi pumzika kabisa. Jumapili fika mapema, kimbia kilomita 5 polepole, ingia kwenye shindano ukianzia nyuma kabisa ya kundi, kimbia zote 10 kwa mwendo wa 5:40 kwa kilomita, kisha ongeza 5 nyingine za kupoa. Umepata kilomita 20, kumi kati yake kwa mwendo wa karibu na ule wa marathoni, na maji mezani umewekewa na watu wengine. Utamaliza shindano kwa dakika 57 hivi. Watu unaowashinda siku zote watakupita, na kilomita ya 8 moyo utakuambia uwafuate. Usiwafuate. Kama unajijua kwamba utawafuata, basi usivae namba; kimbia hizo 20 peke yako barabara ya Links.

Nusu marathoni ndiyo ya kujipima. Mbio ndefu ya mwisho kabla yake iwe wiki mbili nyuma, kilomita 26 hivi. Wiki ya shindano lenyewe punguza jumla hadi 35 bila kuhesabu shindano, lakini usiache wepesi: Jumanne kimbia kilomita moja mara nne kwa mwendo wa 5:15, ukipumzika dakika mbili mbili. Wengi hukosea hapa, wanapunguza kasi na kubakiza kilomita, na wanafika mstarini wamelala. Jumapili anza kwa 5:20 hadi kilomita ya 12, kisha uamue. Muda utakaoupata siku hiyo ndio wa kuupangia Nairobi.

Baada yake, siku saba nyepesi bila spidi hata ya utani. Jumapili inayofuata, kilomita 28 hadi 30 polepole, na hiyo ndiyo ndefu yako ya mwisho. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa kinachofaa zaidi ni wiki 2 za kupunguza kilomita kwa asilimia 41 hadi 60, bila kupunguza kasi ya mazoezi wala idadi ya siku. Kwako ni kama 35, kisha 25 kabla ya marathoni yenyewe. Ndiyo sababu nimeikata ile kilomita 10 ya mwisho. Kwa mkimbiaji mzoefu anayejua kujizuia isingekuwa na madhara. Kwa marathoni ya kwanza, siku ambazo uchovu ndio unaondoka, sioni faida yake.

Kuhusu Nairobi yenyewe, kumbuka sisi tunafanyia mazoezi usawa wa bahari na kule ni kama mita 1,700 juu. Hewa ni nyepesi na pumzi itakatika mapema. Baridi yao itakusaidia kidogo, lakini haifuti mwinuko. Isitoshe kanuni ya Riegel huwakadiria muda mfupi mno wanaokimbia marathoni kwa mara ya kwanza. Hata nusu marathoni ikikupa matumaini ya 3:50, anza na 5:55 au 6:00 kwa kilomita hadi kilomita 10. Kama una nguvu, zitakuwepo kilomita ya 32.

Zamu za usiku zina hesabu yake. Wiki hiyo weka zoezi gumu moja tu, tena siku ambayo umelala usiku uliotangulia. Usitoke zamu asubuhi ukaenda spidi. Ukitoka kazini kunywa uji, lala na feni, kimbia jioni kilomita 6 au 8 za kunyoosha miguu, basi. Na kula. Wanawake wengi wanaoniandikia kuhusu miguu mizito wanakimbia kama wanariadha na kula kama watu wanaojipunguza. Baada ya mbio ndefu usingoje chakula cha mchana. Mahamri na mbaazi, ndizi, wali uliobaki, chochote chenye wanga ndani ya saa moja. Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na wewe jasho lako linatoa chumvi. Tia chembe ya chumvi au kula kitu chenye chumvi pamoja nalo.

Jambo ninaloliona mno kwenye mashindano yetu na linaniumiza: mtu anameza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ili miguu isisikike. Mwilini maji yamepungua, jua linapanda, na figo ndizo zinazolipa. Ukihitaji dawa ya maumivu ili uanze shindano, shindano hilo si lako.

La mwisho, na hili usilichelewe. Dakika nne ni nyingi, na kabla ya kuitupia ratiba lawama yote nataka tujue damu yako ikoje. Pima himoglobini, na uombe na feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, kwa sababu himoglobini inaweza kuwa sawa huku akiba ya chuma imekwisha, hasa kwa mwanamke mwenye hedhi nzito anayekimbia sana. Usianze vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Kama kuna homa au maumivu ya viungo yasiyofanana na ya mazoezi, pima na malaria, na ukiwa na homa usikimbie kabisa, hata zile kilomita 6 za polepole.

Ukipata majibu niandikie namba zote mbili pamoja na ratiba ya zamu zako za Septemba. Kama wiki ya nusu marathoni itaangukia zamu za usiku, omba kubadilishana na mwenzako kuanzia sasa. Ikishindikana, tutasogeza kipimo chako kiwe kilomita 15 za peke yako wiki moja kabla.