Upande wa pili wa mfupa: kwa intaani na wanagenzi wanaoanza kushika drili

Jumatano iliyopita nilisimama nyuma ya mwanagenzi mmoja, kijana mwenye mkono mwepesi ninayempenda sana, akitoboa radiasi iliyovunjika, ule mfupa wa mkono wa upande wa kidole gumba. Boda boda, kama ilivyo desturi yetu hapa Kisumu: mgonjwa alianguka Kondele, akajikinga kwa kiganja. Biti, ile ncha ya drili, ikaingia, ikalia, sauti ikabadilika ilipotokea upande wa pili, kijana akaachia kitufe. "Nimesikia imeachia, daktari." Akapima, akaitisha skrubu ya milimita 22, kisha akanyoosha mkono aletewe uzi wa kushonea.

Nikamwambia asubiri. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita, na kuna mama aliyeyalipia. Nimeona wengi wenu mkiyasema mwaka huu, kwa hiyo kaeni tuzungumze.

1. Mjue aliye upande wa pili. Kabla biti haijagusa mfupa, taja kwa sauti kilicho nyuma ya korteksi ya mbali, yaani ganda gumu la mfupa la upande wa pili. Nyuma ya tibia, mfupa wa muundi, karibu na goti, kuna ateri ya popliti, mshipa mkubwa wa damu wa mguu. Chini ya klavikali, mfupa wa mtulinga, kuna mishipa mikubwa ya damu ya mkono. Nyuma ya radiasi kuna kano zinazonyoosha vidole. Ukishindwa kutaja, rudisha drili mezani ukaulize. Sista akiguna, mwache agune. Naye ana ndugu wanaopanda boda.

2. Biti butu itupwe. Inakulazimisha kusukuma, na korteksi inapoachia, nguvu yote uliyoiweka inaishia nyamani. Tena inachoma: mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika moja, unaanza kufa, na skrubu iliyoshikiliwa na mfupa uliokufa italegea. Mwagieni maji ya chumvi muda wote. Jamani, biti hairudishwi kwenye trei kwa sababu tu bado inazunguka.

3. Kusikia si kuona. Hapa nitakaa.

Nilikuwa katika hospitali moja ya huku magharibi. Mgonjwa alikuwa mama mshonaji wa sare za shule, radiasi ya mkono wa kulia. Nilimwekea plati, kibamba cha chuma cha kushika mfupa, upande wa kiganja. Nikatoboa, nikasikia imeachia, nikapima. Kipimo kilikaa katikati ya 20 na 22, nikachagua 22 kwa kuogopa kwamba ile fupi haitashika. Picha ya eksirei ya ubavuni ilipendeza. Kosa lilikuwa limejificha humo humo. Mgongo wa radiasi si bapa, una kinundu cha Lister, na ukipiga picha kutoka ubavuni kinundu hicho kinaficha ncha yoyote iliyochungulia kwenye kijibonde cha kando yake. Ndani ya kijibonde hicho ndimo inamopita kano ya kunyoosha kidole gumba.

Wiki ya sita alirudi. Mfupa ulikuwa unaunga vizuri. Akaniambia, "Daktari, huku nyuma kuna kitu kinakwaruza nikifungua mkasi." Kliniki ilikuwa imejaa hadi kwenye korido. Sikumshika mkono. Nilimwambia ni mwili unazoea chuma, nikamwandikia diklofenaki ya maumivu, nikaita anayefuata. Dakika zile nimezirudia kichwani mara nyingi kuliko upasuaji wenyewe. Thieta sikujua. Kliniki niliambiwa.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji alikuja bila maumivu. Aliweka kiganja mezani akaniambia nitazame. Vidole vinne vikainuka, gumba likabaki limelala. Ncha ya skrubu ilikuwa imeisaga kano siku baada ya siku, sare baada ya sare, hadi ikakatika. "Nilikuambia inakwaruza," akasema, akatoa mkasi mkobani kunionyesha unavyobaki umefumba.

Mkubwa wangu alimfungua tena, mimi nikishika ndoana ya kutanua kidonda. Alipofika nyuma ya mfupa alinionyesha ncha: milimita 2 tu nje. Kano yenyewe ilikuwa imechanika nyuzi nyuzi, haishoneki. Ikabidi achukue moja ya kano mbili za kidole cha shahada na kuihamishia kwenye gumba, kisha mama akafundishwa upya kuliinua gumba kwa kuwaza kwamba ananyoosha kidole cha shahada. Alikaa miezi bila kushona. Muhula ulifunguliwa, wateja wake wakapeleka vitambaa kwa wengine. Nilimwomba msamaha mbele ya binti yake, naye akaniuliza swali moja tu: hakukuwa na namna ya kuiona ile ncha siku ile ile?

4. Ilikuwepo, na ipo. Mashine ya ultrasaundi wanayotumia wenzetu wa nusukaputi kutafuta neva za bega inatosha. Chukua probu bapa ya kama megahezi 10, ivalishe glavu iliyotakaswa yenye jeli ndani, mwagia maji ya chumvi, iweke mgongoni mwa kifundo cha mkono huku kidonda cha upande wa kiganja kikiwa bado wazi. Mfupa utauona kama mstari mweupe, na chini yake giza. Skrubu iliyotoka itaonekana kama nukta nyeupe juu ya mstari. Tafuta kinundu, kisha mwambie msaidizi asogeze gumba. Kano itateleza mbele ya macho yako, na utajua kama inagusa chuma. Hakuna mnururisho, hakuna aproni ya risasi.

Lakini msiombe probu hiyo mambo isiyoyaweza. Kwenye tishu laini sauti inasafiri mita 1,540 kwa sekunde. Kwenye mfupa mgumu inapita 3,000. Inapokutana na badiliko hilo, na uzito wa mfupa, sehemu kubwa ya sauti inarudishwa. Ndiyo sababu ya lile giza. Probu yetu inaona ngozi ya mfupa, haioni ndani.

Watafiti wanahangaikia ndani humo. Kuna wanaoshusha masafa ya mawimbi ya sauti ili ipenye zaidi, japo picha inafifia. Kuna wanaojaribu kutanguliza kihisi kwenye tundu lililotobolewa katika pingili ya uti wa mgongo kabla ya skrubu, kipige sauti na kusubiri mwangwi wa ukuta wa mbele. Hesabu yake ni nyembamba: milimita 5 za korteksi zinarudisha mwangwi kwa takriban sehemu 3 za milioni za sekunde. Tena mfupa wa bibi wa miaka 75 hausafirishi sauti kama wa kijana wa boda, kwa hiyo ukikosea kasi, umekosea kina. Ninaisubiri teknolojia hiyo kwa hamu kubwa. Siku drili itakapoweza kusema "zimebaki milimita 3", nitakuwa wa kwanza kupanga foleni. Kwa sasa, kilichopo kiko chumba cha pili, kwenye toroli.

5. Kwenye radiasi, skrubu za kufunga, zile zinazojifunga kwenye plati yenyewe, zinazofika robo tatu ya unene wa mfupa zinashika vya kutosha. Hofu iliyonipeleka kwenye 22 haikuwa na msingi.

6. Kama ultrasaundi haipo, kunja kifundo cha mkono, piga eksirei ya kufuata mgongo wa radiasi.

7. Mgonjwa akisema "kinakwaruza", mshike mkono. Hata kama foleni imefika getini.

Sasa, Jumatano. Kijana alikwenda kuomba toroli kwa watu wa nusukaputi, akavalisha probu glavu, akaiweka. Alitafuta kinundu kwa muda mrefu, nami nikanyamaza. Kisha akaiona: nukta nyeupe, juu kidogo ya mstari, kando kabisa ya kano. Hakusema neno. Akatoa ile ya 22, akaweka ya 18, akaomba gumba lisogezwe tena, mara tatu. Kano ikapita bila kugusa chochote.

Alipomaliza kushona aliisafisha probu mwenyewe akairudisha. Kwenye orodha ya Jumatano ijayo, kando ya kila radiasi, ameandika kwa kalamu: ultrasaundi.